Mvuvi wa Likizo Naye ni Mvuvi

Uvuvi wa kaa ni sehemu ya kawaida ya likizo ya boti katika Bahari ya Salish, jina la pamoja la maji yaliyo kati ya jimbo la Washington nchini Marekani na jimbo la British Columbia nchini Canada. Familia hukodi boti Anacortes au mji mwingine wa pwani, huzunguka visiwa vya San Juan, hutia nanga Sucia au Friday Harbor, na wenye siku nyingi huendelea kaskazini hadi Desolation Sound. Pamoja na vyakula na majaketi ya kujiokolea, boti hubeba fimbo mbili tatu za kuvulia samaki na mitego ya kaa, ambayo ni madema ya nyaya yenye chambo ndani na boya juu. Dema hushushwa nanga ikishakamata, huachwa saa kadhaa au usiku kucha, kisha huvutwa, na kaa walionaswa huishia sufuriani.

Yapo maoni yaliyoenea kuhusu uvuvi huu, na husikika gatini, kwa wauza chambo, hata kwa watu ambao hawajawahi kushika ndoana: kwamba huo ni mchezo tu. Bahari ni kubwa, kaa ni wengi, familia moja hula wachache. Wanaomaliza viumbe vya bahari ni wavuvi wa biashara wenye meli na mamia ya mitego. Kwa hiyo leseni, kadi, vipimo na siku za kufunga uvuvi ni usumbufu wa bure kwa mtu aliyekuja kupumzika. Maneno haya yana sura ya busara, na ndiyo maana yamedumu. Kosa lake ni moja, nalo limezaa mengine yote: yanapima uvuvi kwa kilichofika mezani, ilhali bahari hupungukiwa na kila kilichokufa, kiliwe kisiliwe.

Hata hesabu ya mezani yenyewe si ndogo kama inavyodaiwa. Katika Puget Sound, sehemu ya kusini ya bahari hiyo, mvuvi wa burudani anaruhusiwa kaa watano wa aina ya Dungeness kwa siku. Watano ni wachache kweli. Lakini boti yenye watu wanne, kila mmoja na leseni yake, inaruhusiwa ishirini, na boti mia tano za namna hiyo zikitia nanga siku moja zinaruhusiwa kaa 10,000. Si kila boti hujaza kiwango chake, na wengine hurudi na boya lililolowa na dema tupu. Hata hivyo, anayesema "familia moja haipunguzi kitu" anazungumzia jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa kuwa hakuna Julai ambayo familia moja ilikuja peke yake. Bandu bandu huisha gogo, na kila aliyebandua huapa kwamba gogo halikuisha kwa shoka lake.

Watetezi wa maoni haya hupenda tarakimu moja ambayo ni ya kweli. Mwaka 2004 jarida la Science lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Felicia Coleman kuhusu samaki wa baharini waliovuliwa Marekani mwaka 2002. Wavuvi wa burudani walichukua asilimia 4 tu ya uzito wote. Hapo ndipo wengi huacha kusoma. Uchambuzi huohuo ulitoa kwenye hesabu aina mbili zinazovuliwa kwa wingi wa kiviwanda, menhaden na pollock, na sehemu ya wavuvi wa burudani ikapanda hadi asilimia 10. Kisha ukaangalia samaki ambao hali yao ilikuwa tayari inatia wasiwasi: asilimia 23 yao ilivuliwa na watu wa burudani, na katika Ghuba ya Mexico asilimia 64. Asilimia 4 ilitokana na kuchanganya shehena za samaki wa viwandani na samaki wa miamba ambao mtu wa likizo huwafuata mmoja mmoja kwa sababu ni wakubwa, watamu na hupendeza pichani. Meli ya pollock haimtafuti samaki huyo. Boti ya likizo imekuja kwa ajili yake.

Kaa wanaokufa bila kuliwa ndio wanaobomoa kabisa hoja ya mchezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba madema yapatayo 12,000 hupotea Puget Sound kila mwaka, nayo huua kaa zaidi ya 170,000 waliofikia ukubwa wa kuvuliwa, takriban asilimia 4.5 ya mavuno ya mwaka. Hesabu hiyo inajumuisha madema ya wavuvi wote, wa biashara na wa burudani, na si haki kumtwika mtu wa likizo peke yake. Lakini yumo ndani yake, na namna dema linavyopotea inaonyesha kwa nini.

Dema lililopotea haliachi kazi. Kaa huvutwa na harufu ya chambo, huingia, hukosa njia. Chambo kikiisha, aliyenaswa hudhoofika na kufa, naye anakuwa chambo cha mwingine. Huyo wa pili huvuta wa tatu. Mtego unajitilia chambo wenyewe chini ya maji, bila mwenyewe, bila leseni, bila kikomo cha watano kwa siku, na bila kujali kama aliyeingia ni dume au jike, mkubwa au mdogo.

Lawama za kupotea kwa dema hupewa wezi. Wezi wapo, lakini sababu nyingine ni za kila siku zaidi. Mjini Seattle tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3, na ndani zaidi kusini huwa kubwa kuliko hapo. Anayeshusha dema maji yakiwa yamekupwa, kwa kamba inayotosha kina cha saa ile tu, atarudi asubuhi asione boya, kwa sababu limevutwa chini na kamba yake mwenyewe. Mkondo ukikaza kati ya visiwa, boya huzama hata kama kamba ingetosha maji yakiwa yametulia. Mvuvi wa Pemba au Lamu, anayepanga siku zake kwa bamvua na maji mafu, angeliona kosa hili kabla kamba haijagusa maji. Mtu aliyetoka mjini Ijumaa na kukabidhiwa boti Jumamosi halioni. Kamba inatakiwa izidi kina kwa theluthi nzima, iwe ya aina inayozama, na dema liwe na uzito wa kulizuia lisiburutwe. Kamba nyepesi inayoelea juu ya maji hukatwa na rafadha, na mara nyingi ni rafadha ya boti nyingine ya likizo iliyokuwa ikikimbilia ghuba ya pili kabla jua halijazama. Wengine hushusha dema katikati ya njia ya feri, wakashangaa.

Hapa ndipo tofauti kati ya mvuvi wa biashara na wa likizo inapogeuka dhidi ya wanaoitumia kama utetezi. Kwa mvuvi wa biashara dema ni mtaji. Likipotea amepoteza fedha, na kesho atapita palepale kulitafuta. Anaijua sakafu ya bahari ile kama mkulima anavyolijua shamba lake. Kwa mtu wa likizo dema ni kitu alichokodi pamoja na boti au alichonunua kwa ajili ya wiki moja. Likikosekana asubuhi, ratiba inasema safari iendelee, na Jumapili yuko nyumbani. Anavua kaa wachache kuliko mvuvi wa biashara, ni kweli. Lakini kwa kila kaa anayekula, yeye ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuacha mtego nyuma yake, kwa kuwa ana ujuzi mdogo na sababu ndogo ya kurudi.

Sheria ya Washington imelijua hilo, na dawa yake ni uzi. Kila dema lazima liwe na mlango au kifuniko kilichofungwa kwa uzi wa pamba usiotiwa dawa, au nyuzi nyingine za asili, usiozidi unene wa takriban milimita 3. Dema likipotea, uzi huoza, mlango hufunguka, na kaa hutoka. Dema pia huwa na matundu mawili ya duara, kila moja lenye upana wa karibu sentimita 11, ili wadogo wajitokee wenyewe. Kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wazo hilo si geni sana: dema la kusuka kwa vipande vya mianzi na vijiti, likisahauliwa majini, huoza lote. Dema la nyaya halina adabu hiyo, kwa hiyo limelazimishwa kuazima kipande kimoja kinachooza. Gharama yake ni ndogo kuliko ya chambo. Kumwita mkaguzi msumbufu kwa kuuliza habari ya uzi huo, au kuweka nailoni mahali pake kwa sababu pamba "inakatika ovyo", ni kulalamikia jambo lililowekwa makusudi. Pamba imewekwa ili ikatike.

Hoja inayofuata husemwa kwa sauti ya upole zaidi: mvuvi wa likizo hurudisha majini asiowahitaji. Kanuni inamtaka afanye hivyo. Katika Puget Sound kaa wa Dungeness anayeruhusiwa ni dume tu, mwenye gamba gumu, mwenye upana wa inchi 6 na robo, yaani karibu milimita 159. Jike hujulikana kwa kumgeuza: tumbo lililokunjwa chini ya mwili ni pana kwa jike na jembamba kwa dume. Jike mmoja anaweza kubeba mayai zaidi ya milioni moja, na kipimo cha dume kimewekwa ili awe amepata nafasi ya kupandana kabla hajafika sufuriani. Mpango huu wote unategemea jambo moja, kwamba anayerudishwa anarudi mzima.

Na mara nyingi harudi mzima. Kaa hukua kwa kujivua gamba (siasa za Tanzania ziliwahi kuliazima neno hilo, lakini kaa analifanya kweli), na baada ya hapo gamba jipya huwa laini kwa wiki kadhaa. Nyama yake wakati huo ni kidogo na ya majimaji, hivyo hata mlaji hapotezi kitu kwa kumwacha. Lakini kaa laini aliyebanwa kwa vidole, akasukumwa na wenzake ndani ya dema, akaachwa kwenye ndoo juani wakati watoto wanapigwa picha, kisha akarushwa kutoka juu ya sitaha, ana nafasi ndogo ya kuishi kuliko mwenye gamba gumu. Hakuna kipimo kinachomhesabu. Kwenye simulizi ya likizo anabaki kaa aliyeachiliwa huru.

Kwa samaki wa vilindini kisingizio hiki ni kibovu zaidi. Miamba ya Bahari ya Salish ni makazi ya samaki wa jamii ya Sebastes, ambao baadhi yao huishi muda mrefu kupita kiasi: yule mwenye macho ya njano anaweza kupita miaka 100. Samaki anayeishi karne moja hana haraka ya kuzaa, na akivuliwa nafasi yake haijazwi mwaka unaofuata. Wana kifuko cha hewa ambacho hakiwezi kutoa hewa upesi. Akivutwa kutoka chini, hewa hutanuka, macho hutokeza, tumbo husukumwa mdomoni. Akiachwa juu ya maji hawezi kuzama tena. Huelea mpaka ndege wamwone. Aliyemvua amemrudisha majini, na kwa dhamiri yake jambo limekwisha.

Kwa miaka mingi samaki hawa walichukuliwa kama kitoweo cha ziada kwa siku ambazo salmoni hawakuuma. Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliwaingiza wale wa Puget Sound katika sheria ya viumbe vilivyo hatarini: aina iitwayo bocaccio kama iliyo katika hatari ya kutoweka, na yule mwenye macho ya njano kama anayetishiwa. Mwaka huohuo jimbo likapiga marufuku kuvua samaki wa chini kwenye kina kinachozidi futi 120, sawasawa na pima 20. Baadaye likaja sharti la kubeba chombo cha kumshusha samaki mpaka kina alichotoka kabla ya kumwachia. Upande wa Canada yametengwa maeneo 164 ya kuhifadhi samaki hawa, na ndoana ya burudani hairuhusiwi humo kama ile ya biashara isivyoruhusiwa. Anayesema sheria zilikusudiwa meli kubwa tu hajatazama ramani hizo. Samaki wa miaka 80 hatofautishi mshipi wa biashara na mshipi wa likizo.

Ni kweli pia kwamba upungufu wa viumbe hawa hauna mwenye kosa mmoja. Maji ya joto, maji machafu, viluwiluwi vya kaa ambavyo mwaka mmoja hufika kwa wingi na mwaka mwingine havifiki, vyote vimo. Mwaka 2018 sehemu za kusini kabisa za Puget Sound zilifungwa kwa uvuvi wa kaa wa burudani baada ya kaa kupungua mno, na haitakuwa kweli kusema ni boti za likizo peke yake zilizowamaliza. Lakini sababu kuwa nyingi hakumsamehe yeyote kati ya wahusika. Kaa wanapokuwa wachache kwa sababu ya bahari, dema lililopotea linaua sehemu kubwa zaidi ya waliobaki.

Fedha nazo hutajwa. Mtu wa likizo hulipia boti, mafuta, gati, hoteli na leseni. Tangu sheria ya mwaka 1950, hata ushuru wa fimbo na ndoana nchini Marekani hurudi kwa majimbo kugharimia samaki. Yote hayo ni kweli, na bila fedha hizo idara za uvuvi zingekuwa maskini zaidi. Ila alichonunua ni ruhusa ya kuvua kwa masharti. Hakununua masharti yenyewe ili ayatupe.

Zaidi ya hayo, kaa hao si mali isiyo na mwenyewe. Mikataba ya mwaka 1854 na 1855 kati ya Marekani na mataifa ya wenyeji wa asili wa eneo hilo iliwahifadhia wenyeji haki ya kuvua katika maji yao ya zamani. Mwaka 1974 Jaji George Boldt alitafsiri haki hiyo kuwa nusu ya salmoni wanaoweza kuvuliwa; mwaka 1994 Jaji Edward Rafeedie aliipeleka kwa chaza na kaa pia. Nusu inayobaki hugawanywa kati ya wavuvi wa biashara na wa burudani. Kwa hiyo kila kaa anayeoza ndani ya dema lisilo na uzi ametoka kwenye fungu la mtu: familia ya wenyeji inayoishi kwa bahari hiyo mwaka mzima, mvuvi mwenye deni la boti, au mgeni wa wiki ijayo. Nani atasema mbele yao kwamba huo ulikuwa mchezo?

Linabaki lalamiko la mwisho, kwamba kanuni ni nyingi na zinamchanganya mtu wa kawaida. Zinachanganya, hilo halipingiki. Puget Sound kipimo huchukuliwa ndani ya miiba miwili ya pembeni mwa gamba, milimita 159. British Columbia kipimo ni milimita 165, lakini hujumuisha miiba yenyewe, na kwa sababu hiyo kaa halali upande wa Canada anaweza kuwa haramu saa moja baadaye boti ikivuka mpaka kwenye Haro Strait, ijapokuwa namba ya Canada ndiyo kubwa. Sehemu nyingi za Puget Sound wakati wa kiangazi dema haliruhusiwi majini Jumanne na Jumatano, na usiku haliruhusiwi kuvutwa. Boya la burudani liwe nusu jekundu na nusu jeupe. Lakini mtu huyuhuyu amejifunza kwa siku mbili kusoma ramani ya kina, kufunga boti gatini na kutambua taa za meli gizani. Aliyajifunza kwa sababu asipoyajua atazama yeye. Ya kaa hayajifunzi kwa sababu asipoyajua anakufa kaa.

Mvuvi wa Puget Sound hupewa kadi ya kuandikia kila kaa wa Dungeness papo hapo anapomweka, ukurasa ambao idara ya uvuvi huutumia kukadiria mavuno na kupanga msimu unaofuata. Kadi ya kiangazi hutolewa taarifa kufikia Oktoba 1. Asiyefanya hivyo hutozwa dola 10 anaponunua leseni nyingine. Taarifa hutakiwa hata kwa aliyevua siku nzima akarudi mikono mitupu, na hata kwa ambaye hakushusha dema kabisa.